Picha Kumi na Mbili za Baba Mkwe

Tangu siku aliyoolewa hapa kwetu Kara-Jilga hadi theluji ya mwaka huu ilipoanza kuyeyuka, miaka ishirini na mitatu kamili, Jypara hajawahi kulitaja jina la baba mkwe wake. Analijua, tena sana. Lakini kwetu mkaza mwana hataji jina la mkwewe, na aliyelelewa akaleleka hulificha hata akiwa peke yake zizini na ng'ombe. Tena jina lenyewe, kwa lugha yetu, limebeba ndani yake neno la jiwe, kwa hiyo Jypara hata jiwe haliiti jiwe. Analiita "kile kigumu." Watoto wa chekechea anakofanya kazi wameshazoea. "Temir, tua hicho kigumu, utampasua mwenzako!" Temir anatua, wenzake wanacheka, maisha yanaendelea. Heshima si utumwa. Na mimi ninayesimulia nitamfuata Jypara kwa hili: tumwite Mzee, inatosha.

Sasa Jypara huyu alikuwa msaidizi wa chekechea kwa miaka kumi. Kuwafuta makamasi, kuwavua viatu, kuwalaza mchana, kuwaimbia. Mwaka juzi ikaja barua kutoka wilayani: asiye na cheti cha kumaliza shule hatabaki na watoto. Walipewa miaka miwili. Jypara aliachia masomo darasa la tisa, mama yake alipougua, na hakurudi tena. Basi akiwa na miaka yake thelathini na tisa akajiandikisha darasa la watu wazima mjini, kila Jumamosi. Akapita hesabu, akapita historia, akapita hata kemia, ambayo ilimkausha mate. Ikabaki kazi moja ya mwisho. Akianguka hiyo, mwaka ujao ataanza upya, na mwaka ujao chekecheani pake patakuwa pa mtu mwingine.

"Maneno mmeniandikia ya kutosha," alisema Mwalimu Rahat, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. "Sasa nataka picha. Slaidi kumi na mbili, dakika saba. Mada: mtu aliyenifikisha hapa. Picha zizungumze, ninyi msindikize tu. Atakayeniletea slaidi iliyojaa aya, nitamzimia projekta mbele ya watu."

"Na kama mtu mwenyewe sura yake haitazamiki?" akauliza fundi bomba mmoja aliyekaa nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Utatuwekea hivyo hivyo. Atakuja mkaguzi na fomu yake. Mhusika aonekane kwenye picha, na atajwe jina kwa sauti. Hayo mawili mkaguzi hasamehi."

Wenzake walianza pale pale kunong'ona watachagua nani. Mama, kaka, mwalimu wa zamani. Jypara hakuwa na haja ya kuchagua. Alijua tangu neno la kwanza, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha, halafu ukamwenda mbio kwa hofu, maana alikumbuka hilo la jina.

Ili mjue kwa nini ni Mzee na si mtu mwingine, lazima niwaambie habari za ng'ombe.

Ng'ombe wao, Madoa, ana kiburi kuliko bi harusi wa mjini. Hakamwi na mtu asiye na harufu anayoijua, na harufu anayoijua ni ya Jypara peke yake. Mume wa Jypara, Ulan, anajenga barabara Siberia na nyumbani yuko miezi miwili kwa mwaka. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Binti yao, Aizirek, alijaribu kukama mara moja, akapigwa teke yeye na ndoo. Na gari la mjini linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, wakati Madoa hata hajaamka vizuri. Jumamosi ile ya kwanza Jypara alikwisha kuamua: basi, shule nimeiacha.

"Nenda," Mzee alimwambia, bila kumtazama, akikoroga chai yake.

"Baba, na Madoa?"

"Nimesema nenda. Ng'ombe ni wangu, nitajuana naye."

Aliporudi jioni alikuta maziwa yamechujwa na kufunikwa. Hakuuliza, mkaza mwana hamhoji mkwewe. Wiki ya tatu jirani yao Kalbubu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akamsimamisha njiani. "Jypara wee, kwenu mmeoa tena? Nimemwona mkaza mwana mpya anakama. Mrefu! Ana na ndevu!"

Kumbe Mzee alikuwa akivaa mtandio wa Jypara, ule wa maua mekundu, anajifunga kidevuni, na juu anavaa joho lake Jypara la kukamia, ili Madoa anuse harufu anayoijua atulie. Mzee wa miaka themanini na mmoja, ambaye akiingia mahali kijiji kizima kinasimama! Wanaume pale dukani walimtania. "Mzee, pilau ya harusi yako tunakula lini?" Naye akawajibu, "Mkija njooni na mahari. Mimi si wa bure." Majira mawili ya baridi, Jumamosi kwa Jumamosi, alikama. Mbele ya Jypara hakulitaja hata mara moja, na Jypara naye, kwa adabu, alijifanya hajui. Mtandio ulikuwa unarudi kwenye msumari wake, umekunjwa vizuri kuliko alivyouacha.

Haya. Mtu wa namna hiyo usipomshukuru yeye utamshukuru nani?

"Ungemchagua tu Mwalimu Rahat," Aizirek alimwambia, Jumapili, wamekaa sebuleni na kompyuta aliyoazima shuleni kwao. Binti wa miaka kumi na sita, vidole vyepesi, ulimi mwepesi zaidi. "Jina unaweza kulitaja, picha zake zimejaa mtandaoni. Umemaliza."

"Fadhila za punda ni mateke," Jypara akasema. "Mimi si punda."

"Basi tafuta picha za babu."

Na hapo ndipo lilipo jambo la kuchekesha, au la kuliza, tegemea umekaa upande gani. Mzee ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Tangu enzi za shamba la ushirika, alipokuwa anashika funguo za klabu, ule ukumbi wa kijiji, hadi juzi juzi simu zilipokuja, hakuna aliyezaliwa, kuoa, kumaliza shule au kuzikwa Kara-Jilga ambaye hakupita mbele ya kamera yake ya Kirusi. Ukutani kwangu mimi kuna picha tatu alizopiga yeye. Nyumbani kwake yako masanduku manne.

Jypara alimmiminia chai, nusu kikombe kama heshima yetu inavyotaka, akamwinamia. "Baba, naomba picha zako za zamani. Za kazi ya darasa."

Mzee akatua kikombe. Mtu angedhani ameombwa binti yake. "Zote?"

"Zote, Baba."

"Chukua. Zishike pembeni, usimtie mtu kidole usoni. Na mwambie Aizirek akitaka kuzipiga tena kwa hiyo simu yake, jua liwe mgongoni kwake. Mgongoni! Mpiga picha anayetazamana na jua ni mwendawazimu." Akanywa chai, akaongeza, "Na usimwahi mtu anapotabasamu. Msubiri achoke kutabasamu. Hapo ndipo anapokuja mwenyewe."

Za kazi gani hasa, hakuuliza. Jypara naye hakumwambia.

Walichambua siku nne, kila jioni baada ya kazi, mama na binti, na sahani ya maandazi katikati ambayo hawakuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa. Jypara anachagua, Aizirek anaipiga picha kwa simu, anaiingiza kwenye kompyuta, anaikata kingo, anaing'arisha. Zilipita harusi. Yalipita madarasa ya kwanza na mashada ya maua makubwa kuliko watoto. Walipita wakata manyoya ya kondoo na mikasi yao, dereva aliyesimama kifua mbele kando ya trekta jipya, Kalbubu akiwa msichana mwenye misuko na mdomo umefungwa, ajabu ya dunia. Siku ya nne wakafika chini ya sanduku la nne. Mzee hayumo. Hata pembeni, hata nyuma ya mabega ya watu. Hayumo kwenye harusi yake mwenyewe, maana siku ile, Kalbubu anasimulia, aliipiga yeye na bi harusi akasimama peke yake.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo tunavyosema tukicheka. Jypara hakucheka. Alikaa chini juu ya zulia na picha zimemzunguka, akalia.

"Miaka hamsini," alisema. "Miaka hamsini amewasimamisha watu, amewafunga vifungo vya makoti, amewapangusa pua. Hakuna hata mmoja aliyesema, hebu nipe hiyo kamera, baba, simama na wewe. Hata mimi. Hata mimi, Aizirek! Nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na mitatu."

Aizirek alitafuna kamba ya kofia yake. "Mimi ninayo moja."

"Moja ya nini?"

Akageuza simu. Asubuhi ya baridi, uani, jua limetoka sasa hivi. Madoa amesimama ametulia kama mke wa chifu. Na kwenye kigoda, mtandio wa maua mekundu umefungwa kidevuni, ndevu nyeupe zimetokeza chini ya fundo, ndoo katikati ya magoti, Mzee anatazama moja kwa moja kwenye picha. Hatabasamu. Ameshachoka kutabasamu.

Jypara alijiziba mdomo. "Nani amekuruhusu?"

"Mama, hii ndiyo yenyewe! Weka hii moja tu, umeshinda. Ukumbi mzima..."

"Ukumbi mzima utamcheka. Watu wa wilaya nzima. Mzee mwenye heshima zake, amevaa kitambaa cha mkaza mwanawe! Nimshukuru kwa kumvua kofia mbele ya watu? Futa."

"Lakini babu mwenyewe..."

"Futa nimesema! Ukiiweka hiyo, mimi mbele siendi, na cheti wakakile."

Aizirek akanuna, akarudi kwenye kompyuta yake, akaendelea kukata kingo kwa hasira. Jypara alipangusa macho, akasogea kumtazama, apate la kufanya. Kwenye kioo ilikuwa picha ya harusi yake yeye, Jypara, ana miaka kumi na minane, kitambaa cheupe, macho chini. Lakini miguu haipo. Imeishia magotini.

"Mbona umenikata miguu?"

"Si wewe, ni doa. Picha zote za babu zina doa jeusi hapa chini, zinachafua slaidi. Nimezisafisha zote."

"Doa gani?"

"Doa, mama. Hilo hapo."

Jypara aliokota picha yenyewe kutoka kwenye zulia, akaishika pembeni kama alivyoagizwa. Ilikuwa imekaa kwenye albamu yake miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo alikuwa akijitazama uso. Sasa akatazama chini. Kutoka ukingo wa picha kilipanda kivuli cha mtu, kimelala juu ya majani. Mabega membamba, viwiko vimetoka nje kama masikio ya sufuria, kwa vile mikono imeshika kitu usoni. Na juu ya kichwa, kofia ndefu ya sufu iliyochongoka. Ncha ya kofia ilikuwa imefika hadi viatuni pake.

Jua mgongoni.

"Lete hiyo ya trekta," akasema. Chini ya trekta, kofia. "Lete ya wakata manyoya." Kofia. Ya darasa la kwanza: kofia imelala kwenye theluji mbele ya watoto, na kitoto kimoja kimeikanyaga. Zile za ndani ya nyumba hazikuwa na kivuli, wala zile za siku za mawingu. Lakini zilizopigwa nje penye jua, hamsini, sitini, mia, Mzee alikuwamo. Alikuwamo siku zote, na binti yao kwa usafi wake alikuwa ameshamkata mara sabini.

"Uuwi," Aizirek akasema. "Nimemtupa babu."

Wakaangua kicheko wote wawili, kile cha mtu aliyetoka kulia, mpaka Mzee akagonga ukuta kutoka chumba cha pili kuuliza kama kuna mgonjwa. Kisha wakaanza upya, moja moja, bila kukata kitu.

Kumi na moja alizipata haraka. Ya kumi na mbili ikamshinda. Slaidi ya mwisho ilitakiwa iwe yake, uso wake. Akaacha nyeupe. Atasema hapo: mahali hapa palikuwa pake na hatukumpiga, tusamehe. Kuhusu jina hakujua atafanyaje. Alijaribu kulitamka mbele ya Madoa, akaishia herufi ya kwanza, akaona haya hata kwa ng'ombe.

Siku yenyewe ilikuwa wiki moja kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko. Ukumbi wa shule ya mjini ulijaa ndugu na jamaa, harufu ya makoti yaliyolowa, watoto wakimung'unya vidonge vikavu vya maziwa na kutema chumvi. Kara-Jilga tulikwenda watu tisa. Mzee alikaa mstari wa mbele, kofia ndefu nyeupe, fimbo katikati ya magoti, amenyoa shingo. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Jypara ataonyesha picha zake za zamani. Mbele kabisa, kwenye meza peke yake, alikaa mkaguzi kutoka mji mkuu, kijana mwenye koti jembamba na kalamu tatu.

Jypara alitoka mbele na mtandio mpya. Aizirek alikuwa kwenye kompyuta.

Slaidi ya kwanza: darasa la kwanza kwenye theluji. "Naomba mtazame chini," Jypara akasema. "Mbele ya viatu vya watoto."

Watu wakatazama. Hawakuelewa. Ya pili, trekta. "Chini, tafadhali." Ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano, yule fundi bomba akapiga kelele, "Kofia! Kuna mtu mwenye kofia!" Ukumbi ukaguna, watu wakaanza kunyoosha vidole, na kila slaidi ilipobadilika watoto walikuwa wanaitafuta kofia kabla ya kitu kingine. Jypara hakusema mengi. Alisema mtu huyu aliwapiga picha watu wote wa kijiji chake. Alisema alipotaka kurudi shule, mtu huyu aliibeba kazi yake yeye Jumamosi sitini na zaidi ili awahi gari, na hakumwambia. Kazi gani, hakutaja. Mzee alikuwa ameinama mbele, mikono miwili juu ya fimbo, anatazama kivuli chake kama mtu aliyekutana na nduguye sokoni.

Ya kumi na moja ilikuwa Jypara bi harusi, na ncha ya kofia viatuni pake. Ya kumi na mbili ikawaka nyeupe.

"Hapa palikuwa pake," akasema. "Hatukumpiga hata mmoja wetu. Tunaomba radhi."

Mkaguzi akakohoa. "Nzuri sana, dada. Kweli nzuri. Jina la mhusika?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Uhusiano nimeandika. Jina."

Jypara akatazama sakafu. Mwalimu Rahat akainuka nusu. "Ndugu mkaguzi, unajua kwetu mkaza mwana hata..."

"Najua, Mwalimu. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Lakini fomu hii haina bibi." Hakuwa mkatili, maskini, alikuwa amelowa jasho kwenye koti lake jembamba. "Jina lisipotajwa ni sifuri. Mhusika asipoonekana ni sifuri nyingine, na mimi nimeona kivuli. Kwa sifuri mbili kazi inarudi mwaka ujao. Neno moja tu, dada. Hakuna atakayekulaumu."

Na ni kweli, nani angemlaumu? Jypara aliwaza watoto wake, Temir na wenzake, na mtu mgeni akiwavua viatu. Midomo ilifunguka. Sisi wa Kara-Jilga tulishika viti. Halafu akaifunga, akainua kichwa.

"Andika sifuri, ndugu yangu," akasema. "Nimekuja hapa kumshukuru. Nikimvunjia heshima ili nipate cheti, nitakuwa nimemshukuru kwa lipi?"

Fimbo ikagonga sakafu. Mzee alikuwa amesimama.

"Kijana, kalamu unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Basi andika. Tashtan, mwana wa Asankojo. Nimejitaja mwenyewe, kwa sauti, na meno yangu manne. Fomu yako inasema lazima ataje yeye, au inasema atajwe?"

Mkaguzi akaisoma fomu, akaisoma tena. "Inasema atajwe."

"Nimetajwa. Sasa hilo la kuonekana. Aizirek!"

"Naam, babu."

"Ile ya ng'ombe iko wapi?"

Jypara alihisi damu yote inapanda usoni. "Baba, hapana..."

"Mama alisema niifute," Aizirek akasema.

"Ukafuta?"

"Sikufuta."

"Huyo ndiye mjukuu wangu. Iweke hapo peupe. Nilikaa kwenye baridi nusu saa kwa ajili ya picha hiyo, nikamfundisha mtoto asimame wapi, halafu mnaificha!"

Ikawekwa. Mtandio wa maua mekundu, ndevu chini ya fundo, ndoo, Madoa. Ukumbi ulilipuka. Walicheka mpaka kuna bibi mmoja alimwangukia jirani yake, na Mzee alisimama katikati ya kicheko hicho na kofia yake ndefu, ametulia kama Madoa mwenyewe, anawasubiri wachoke. Walipochoka akasema, "Ng'ombe alikuwa hanitaki. Anamtaka huyu. Na huyu alikuwa anaitaka shule. Mngefanyaje?" Fundi bomba, nilimwona kwa macho yangu, alivua kofia yake akaiweka mapajani. "Maisha yangu yote nimepiga watu," Mzee akaendelea, "na hiyo ndiyo picha niliyopigwa mimi. Sina nyingine, na sitaki nyingine."

Jypara alifanya kile alichokifanya siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwake: alikunja mikono kifuani akamwinamia mara tatu, pole pole, mbele ya watu wote. Mara ya tatu akabaki ameinama. "Asante, Baba," akasema. "Asante. Asante."

"Haya, inuka mwanangu," Mzee akasema. "Nawe unanikamia siku sita."

Mkaguzi aliandika kwa kalamu zote tatu, nadhani.

Cheti kilikuja mwezi wa sita na kiko kwenye sanduku la nne, chini ya picha. Jypara bado yuko na watoto wake, ni mwalimu sasa, na jiwe bado ni kile kigumu. Ile picha Mzee aliagiza ikuzwe, itiwe fremu, itundikwe mahali pa heshima, juu ya rundo la mito na mablanketi, wageni wanapoketi. Asiyejua huuliza, huyu bibi mwenye ndevu ni nani? Jypara hamtaji. Anamimina chai, nusu kikombe, anamwonyesha kwa mkono mzee aliyekaa chini ya picha. Na Mzee anageuka, anaitazama kama hajawahi kuiona.

"Ni mimi," anasema. Halafu anainua fimbo, anawaonyesha ukingo wa chini, penye kivuli chembamba cha msichana, viwiko nje, kimelala juu ya theluji mpaka kwenye kigoda. "Na huyu ndiye aliyenipiga. Mmeona? Jua mgongoni."